Kifunguo kidogo: wiki tano za kwanza za mdogo wangu Ujerumani

Hiki kisa nimeshakisimulia kwa voisi mara nyingi mno kwa watu wanaojiandaa kuja huku, kila mara kipande kipande, leo nakaa chini nakiandika chote maana naona watu bado wanafika na wanaumia palepale alipoumia mdogo wangu, na hapo pa kuumia ni padogo, ni pa ukubwa wa kidole gumba.

Mdogo wangu ni mtoto wa mama mdogo, kakulia Igoma, Mwanza. Alisoma Kijerumani Dar mpaka akapata cheti cha B2 (ngazi ya nne kati ya sita za lugha), akapata nafasi ya ausbildung ya unesi, ile ya miaka mitatu ambayo unasoma huku unafanya kazi hospitali na unalipwa, katika mji wa Würzburg, mkataba unaanza tarehe 1 Oktoba 2024. Mi nakaa Nürnberg, kwa treni za kawaida ni saa moja na kitu, na ndo nilikua mtu wake wa kumuuliza kila jambo.

Tulifurahi sana kusikia ni Würzburg. Mwanza na Würzburg ni miji rafiki toka 1966, ukikulia Mwanza hilo jina unalisikia kanisani, unalisikia hospitali ya Bugando, kwaiyo kichwani mwake alikua haendi ugenini, anaenda kwa watu wanaomjua. Alafu kuna lile jiwe letu pale ziwani, Jiwe la Bismarck, amepiga nalo picha toka yuko darasa la tatu. Siku za mwanzo kazini alimwambia mwenzake mmoja wa Kijerumani kwamba kwetu kuna jiwe lina jina la chansela wenu, yule dada akasema aa, kumbe, akaendelea kupanga dawa. Mdogo wangu aliniambia hilo kwa sauti ambayo sikuipenda. Sikuipa uzito siku hiyo, ila saivi najua ndo pale alipoanza kuhesabu mara anazopuuzwa.

Alifika Jumamosi tarehe 28 Septemba, mpaka anatoka uwanja wa Frankfurt na treni na teksi akafika chumbani saa 3 usiku. Jimbo la Bavaria maduka yanafungwa saa 2 usiku. Kesho yake Jumapili, na Jumapili hapa duka halifunguliwi, mapumziko ya Jumapili yamo mpaka kwenye katiba yao, ni kifungu walichokirithi toka katiba ya 1919. Akala michembe na karanga alizofungiwa na mama yake mpaka Jumatatu. Aliona mji mzima umefungwa, mtaa hauna mtoto anayecheza, hakuna mama anayeuza maandazi, hakuna redio, akaniuliza dada huku watu wamehama? Stesheni kubwa za treni kuna maduka yanafunguliwa mpaka Jumapili, mi najua hilo miaka yote hii, na sikumwambia. Hilo naomba mlishike, ntalirudia.

Nyumba yenyewe ni jengo la ghorofa nne lina familia tisa. Mwajiri kakodi apatimenti moja ya vyumba vitatu kwa ajili ya wanafunzi wake, kwaiyo alikuta dada wawili wako hapo tayari, mmoja wa Vietnam na mwingine wa Moroko, wote mwaka wa pili. Mtu wa ofisi alimkabidhi ringi yenye funguo tatu. Ya kwanza ya lango la chini. Ya pili ya mlango wa apatimenti. Ya tatu kifunguo kidogo sana, chembamba, kama cha sanduku la nguo la shule ya bweni, na yule mtu akasema neno lake kwa Kijerumani, la boksi la barua, akaenda zake.

Sasa hapa ndo moyo wa kisa chote. Mdogo wangu ALIELEWA lile neno. Mtu wa B2 hashindwi neno boksi la barua, analijua toka daraja la mwanzo kabisa. Alichokosa ni picha ya nyuma ya neno. Aliniambia baadae, "dada nilisema moyoni, mi nani ataniandikia barua?" Akakiacha kwenye ringi, akatembea nacho wiki tano.

Tukumbuke ametoka wapi. Kwetu barua inaenda S.L.P., na S.L.P. sio ya mtu, ni ya shule, ya parokia, ya ofisi ya baba. Wao Igoma walitumia sanduku la parokia, barua ikija katekista anatangaza baada ya misa. Mwaka 2022 serikali iliendesha ile operesheni ya anwani za makazi, nyumba zikapata namba na mitaa ikawekewa vibao, kwao kibao kipo, ila mtu akitaka kumfikia anapiga simu anasema nipo hapa kwa fundi baiskeli njoo unichukue. Na mambo yote mazito ya maisha yake yaliingia kwa simu: matokeo, hela, misiba, hata majibu ya viza alipigiwa. Kufungua akaunti ya hela ya simu ni kitambulisho cha NIDA na alama ya kidole kwa wakala, umeondoka hapo una akaunti inafanya kazi. Alafu anakuja nchi anayoijua kwa magari na mashine, unadhani atategemea nini? Atategemea meseji. Alikaa anasubiri meseji.

Jumatatu tarehe 30 akaenda kujiandikisha manispaa, ile wanaita Anmeldung, sheria inataka uifanye ndani ya wiki mbili toka uhamie nyumba. Alikua na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha anakaa pale, alikua na pasipoti, kila kitu kiko sawa, akaulizwa mpaka dini, akaandika Mkatoliki kwa furaha (hajui bado kwamba hapo kuna kodi ya kanisa, Bavaria ni asilimia 8 ya ile kodi ya mapato unayokatwa). Akapewa karatasi yake yenye jina na anwani, akanitumia picha na vimoyo. Akasema dada serikali ishajua nakaa wapi.

Na ni kweli serikali ilijua. Ila mtu wa posta hakujua. Haya ni mambo mawili tofauti kabisa na mi nimekaa Ujerumani toka 2015 sikuwahi kuyatenganisha kichwani. Anwani ya Kijerumani ina mtaa na namba ya jengo, basi. Haina namba ya ghorofa, haina namba ya mlango. Jengo lina familia tisa na mtu wa posta anasimama mbele ya maboksi tisa na bahasha mkononi, kinachomwambia atumbukize wapi ni jina lililobandikwa kwenye boksi, ni hilo tu. Jina lisipokuwepo, wewe haupo. Barua inarudi kwa aliyeituma imebandikwa stika kwamba mpokeaji hakupatikana kwenye anwani hii. Kwenye boksi lao kulikua na jina la yule wa Vietnam, jina la yule wa Moroko, na jina la dada aliyehama Agosti. Mdogo wangu alipita hapo kila siku asubuhi na jioni, aliyaona yale majina, akajua ni majina ya wenye nyumba.

Sasa angalia kilichokua kinamjia kwa njia ya posta bila yeye kujua. Kadi ya benki, bahasha moja. Namba ya siri ya kadi, bahasha nyingine siku nyingine, kwa usalama. Namba ya kuwashia apu ya benki kwenye simu, bahasha ya tatu. Kadi ya bima ya afya. Namba ya kodi, ile kama TIN yetu, ina tarakimu 11 na unakua nayo maisha yako yote, inatumwa na ofisi kuu ya kodi kwa barua baada ya kujiandikisha mara ya kwanza, na ukiwapigia simu hawakutajii, ukiandika imeili hawakutajii, ni barua. Yani mwili wake wote wa kiserikali ulikua unasafiri kwenye bahasha, unafika mlangoni pale chini, unarudi ulikotoka.

Wiki ya pili ofisi ya uhasibu ya mwajiri ikamuandikia imeili, tunaomba namba yako ya kodi. Akajibu kwa adabu, bado haijafika. Wiki ya tatu wakauliza tena. Bado haijafika. Wiki ya nne yule wa uhasibu akaandika imeili fupi ya mistari miwili haina hata salamu, kwamba umekumbushwa mara mbili, bila namba tutalazimika kukukata kodi ya mapato kwa daraja la sita. Mdogo wangu alilia siku hiyo. Kwake yeye ile imeili ilikua tusi, kwao mtu hata akikudai anaanza na habari za huko, watoto hawajambo. Na kwa yule wa uhasibu nina hakika binti huyu alikua mzembe, kaambiwa afanye jambo dogo, kila siku anajibu neno lilelile. Hawa watu wawili wote walikua wanasema ukweli na kila mmoja alimuona mwenzie ana roho mbaya.

Mwisho wa Oktoba mshahara ukatoka, wa kwanza. Mwanafunzi wa unesi kwa waajiri wa umma mwaka wa kwanza alikua anapata euro 1,300 na kitu kabla ya makato. Kwa mshahara huo daraja la kwanza, ambalo ndo la mtu asiye na ndoa, kodi ya mapato inakua hakuna au karibu na hakuna. Daraja la sita halina msamaha wowote, linakata toka euro ya kwanza, na kodi ya kanisa juu yake. Akapewa slipu kazini, akaisoma na dikshenari. Alafu hiyo hela yenyewe iliyobaki ipo kwenye akaunti, ameonyeshwa namba ya akaunti, hela imeingia, na hana kadi, hana namba ya siri, hana apu. Mama yake Igoma anampigia anamuuliza taratibu, mwanangu hamjalipwa? Maana tiketi ya ndege ilitokana na mkopo wa kikundi cha akina mama na kikundi kinakaa Jumamosi. Alikuja na euro 300 taslimu toka nyumbani na zilikua zimebaki 20.

Na mi katika kipindi hicho nilikua wapi? Nilikua namuuliza kila siku, unaendeleaje, ananijibu poa dada. Hakutaka kunisumbua. Nilipomuuliza benki vipi akasema bado wanashughulikia, nikasema ndo walivyo hawa, vumilia. Vumilia! Neno hilo nililitamka mimi.

Kuna sehemu moja ya kisa inaniuma kuliko zote. Jumapili moja katikati ya Oktoba alikaanga dagaa. Mama yake alimfungia dagaa wa ziwa kilo nzima na alikua hajawagusa akiogopa harufu, siku hiyo kashindwa, kafungua dirisha, kakaanga na nyanya na kitunguu. Katikati ya kukaanga mlango ukagongwa. Akachungulia kwenye kitundu akaona bibi wa ghorofa ya chini, mzungu mzee, kavaa sweta, uso umekaza. Mdogo wangu akazima jiko, akasimama nyuma ya mlango ameshika mwiko, hapumui. Bibi akagonga tena, akasubiri, akashuka. Wiki iliyofuata jioni alikua anaongea na mama yake kwa spika, sauti kubwa, bibi akaja tena akagonga, mdogo wangu akakata simu akazima taa. Akakaa gizani mpaka alipohakikisha bibi keshaingia kwake.

Kwanini hakufungua? Kwasababu yangu. Kabla hajapanda ndege nilimtumia voisi ya dakika kumi na moja, ninayo bado kwenye simu, nimeisikiliza tena juzi kwa ajili ya kuandika hapa. Usipige kelele Jumapili, jirani anaita polisi. Usivuke barabara taa ikiwa nyekundu hata kama hakuna gari, wanakugombeza. Usipande treni bila tiketi, faini euro 60. Usichanganye takataka, za karatasi kwake, za plastiki kwake, jirani anaangalia. Usifike umechelewa. Usiguse mtoto wa mtu. Dakika kumi na moja za usi, usi, usi, na jirani katajwa mara tatu, mara zote kama askari. Hakuna popote niliposema jirani akikugongea fungua. Hakuna popote niliposema kwamba chupa ya plastiki ukiirudisha dukani unapewa senti 25 zako, kwamba stesheni kuna mkate Jumapili, kwamba kuna boksi chini na bandika jina lako. Kila kitu nilichomwambia kilikua cha kumlinda asikosee, hakuna hata kimoja cha kumfungulia njia. Na sio mimi peke yangu, nenda kwenye magrupu yetu ya huku, mtu akiuliza nakuja mwezi ujao mnishauri nini, hesabu majibu mangapi yanaanza na usi.

Nimejiuliza sana kwanini boksi halikunijia akilini, mtu nilikua na miaka tisa huku. Jibu nimelipata nilipokumbuka mwaka wangu wa kwanza. Mi nilikuja kama au pair, yani binti anayekaa na familia akiwasaidia watoto, nilikaa kwa familia, barua zangu zilikuja zimeandikwa jina langu na chini yake jina la familia, mama mwenye nyumba ananiwekea mezani pembeni ya kikombe. Nilipohamia kwangu jina langu alilibandika msimamizi wa jengo, niliona tu lipo. Kwaiyo mimi hilo jambo sijawahi kulijifunza, lilitokea lenyewe, na kitu ambacho hujawahi kukikosa huwezi kukifundisha. Yule wa Vietnam tulipomuuliza alisema alidhani ofisi imemwambia, yeye aliambiwa na dada aliyemtangulia, yule ambaye jina lake bado limo kwenye boksi. Yule dada alihama mwezi mmoja kabla mdogo wangu hajafika, kamba ikakatikia hapo. Mwajiri alimpa kijitabu cha kumkaribisha, nimekisoma, kina kurasa nzima za takataka na rangi za mapipa, barua haimo. Simlaumu mtu aliyekiandika, naye alizaliwa na jina lake liko kwenye boksi la baba yake.

Ijumaa tarehe 1 Novemba ilikua sikukuu, Watakatifu Wote, Bavaria maduka yamefungwa tena, nikasema naenda kumuona, nikabeba sufuria la pilau na mifuko miwili. Saa zilikua zimerudishwa nyuma Jumapili iliyopita kwaiyo saa 11 jioni giza limeshaanza kuingia. Nikafika langoni mikono imejaa nikatafuta kengele yake nibonyeze kwa kiwiko. Kengele tisa, kila moja ina jina na kijitaa kidogo. Nikasoma moja moja toka juu mpaka chini, nikarudia toka chini mpaka juu. Jina letu halipo.

Nilisimama pale na pilau langu nikaelewa kila kitu kwa mara moja. Yani mwili ulikufa ganzi. Sikubonyeza, nilimpigia simu, akashuka na kandambili na soksi anatabasamu, nikamuuliza kabla hata ya salamu: jina lako liko wapi? Akasema jina gani dada? Nikamwambia nionyeshe funguo zako. Akanipa ringi, nikashika kile kifunguo kidogo, nikakiingiza kwenye boksi lao, likafunguka. Ndani kulikua na tangazo la pizza, barua moja ya yule wa Moroko, na kikaratasi cha kukunjwa kilichoandikwa kwa mkono. Kikaratasi kilikua cha bibi wa chini. Kimeandikwa kwa herufi kubwa za kutulia kama mtu anayeandikia mtoto: kwa binti mpya wa ghorofa ya tatu, mtu wa posta anakutafuta.

Tukaenda kumgongea tukiwa wote wawili. Alifungua, akamwangalia mdogo wangu, akasema, haa, kumbe unaishi. Anaongea lafudhi ya Franken, upande wetu huu wa Bavaria, ambayo hata mimi inanipa shida, mdogo wangu aliambulia nusu. Akaingia ndani akarudi na risiti ya dukani, nyuma yake kaandika jina la ukoo la mdogo wangu, herufi kwa herufi, aliliandika siku mtu wa posta alipomuonyesha bahasha akamuuliza unamjua huyu. Alisema nilikuja mara mbili, taa inawaka, najua upo, nikadhani hupendi wageni. Uso wake ulikua umekaza vilevile alivyoelezwa, kumbe ndo uso wake, anakaza akiwa anafikiria namna ya kusema maneno ya Kijerumani ambayo mgeni ataelewa. Kwetu Usukumani mtu anaingia uani anasalimia, mwangaluka, hata kama amekuja kudai ng'ombe wake. Huyu hana mwangaluka, ana risiti aliyoitunza wiki tatu.

Mdogo wangu alisema asante mara nne. Alafu akasema, kwa Kijerumani chake kizuri cha darasani, nilidhani ni kwa sababu ya samaki. Bibi akauliza samaki gani.

Usiku huohuo tukaandika jina. Hapo nako kulikua na kazi, maana yeye ana majina matatu na kwao anaitwa kwa la kwanza, alitaka kuandika lote, kikaratasi hakitoshi kwenye kengele. Nikamwambia angalia ile karatasi ya manispaa, chukua la ukoo kama lilivyoandikwa pale, herufi ileile, maana barua zote zitakuja na hilo. Tukabandika kwa selotepu kwenye boksi na kwenye kengele, tukabandua lile la dada aliyehama. Jumatatu msimamizi wa jengo akaleta vibao vya kuchapa.

Yaliyofuata ni ya kawaida, yanachukua muda tu. Benki ilituma upya zile bahasha tatu, mbili zikafika wiki hiyo na ya tatu iliyofuata. Namba ya kodi tuliomba upya na ikachukua karibu wiki tatu, akaisoma tarakimu zote 11 kwenye simu ananisikilizisha kama mtu anasoma matokeo ya fomu foo. Ilikuja pamoja na barua ya ada ya redio na televisheni ya taifa, wakati huo euro 18.36 kwa mwezi kwa nyumba, ambayo wale wenzie wawili walikua wanagawana na sasa wakagawana watatu. Yule wa Moroko, ambaye mdogo wangu alikua ananiambia huyu hanipendi hata hanisemeshi, ndo alimkopesha euro 50 za kumalizia ule mwezi, alimpa koridoni bila maneno mengi, akasema ukipata utanipa. Yule wa uhasibu alipopata namba alijibu neno moja, asante, na mshahara wa Desemba kilichokatwa zaidi kikarudi chote. Mama mdogo akapeleka rejesho kwenye kikundi, amechelewa vikao viwili.

Nilimuuliza mdogo wangu kipindi cha Krismasi, kama ningekuuliza ile wiki ya nne Ujerumani ni nchi ya namna gani ungesema nini. Akafikiria. Akasema ningesema ni nchi ambayo wanakuona unapita na hawataki ujue chochote. Nikauliza na sasa? Akasema sasa naona kila mtu alikua anadhani nimeshaambiwa na mtu mwingine.

Mwezi wa tatu mwaka uliofuata yule wa Vietnam akahama, chumba chake akaingia binti wa Iringa. Mdogo wangu alienda kumpokea stesheni, akamnunulia mkate palepale maana ilikua Jumapili, wakapanda ngazi na masanduku, na yule binti hajavua hata koti keshaulizwa jina lake la ukoo linaandikwaje. Alafu wakashuka chini wakagonge kwa bibi.